Dereva wa London, Mhadzabe wa Eyasi

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa kipato kinachokaribiana, ndani ya gari moja. Kilichowatenga ni ngazi. Dereva alikaa takriban asilimia 90 ya zamu. Kondakta, akikata tiketi, alipanda vidato kati ya 500 na 750 kwa siku. Maradhi ya moyo yaliwaandama zaidi madereva, tena yaliwaua upesi. Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alirudi na vipimo vya sare zao, akakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Huenda basi usukani uliwavuta watu wanene tangu mwanzo. Namheshimu kwa kuyatilia shaka matokeo yake mwenyewe.

Utafiti huo ulizaa mazoea ya kukilaumu kiti. Lakini pembeni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi walifungwa vipimo mapajani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hupumzika takriban saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa watu wa mijini wenye viti, na bado mioyo yao ni mizima. Wakitoka porini hutembea sana, hilo halina ubishi. Ila wakitulia, mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti: visigino chini, mapaja yamekaza, misuli inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti chenye egemeo karibu huizima. Kwangu mimi hoja hii ina uzito kuliko mahubiri yote ya kuhesabu hatua.

Japani ilipita njia nyingine. Tangu 1928, kwa msukumo wa idara ya bima ya maisha ya posta, redio huongoza mazoezi ya viungo ya dakika chache, na viwanda na maeneo mengi ya ujenzi huyafanya kabla ya kazi. Dakika hizo hazifuti siku nzima ya kukaa. Uzuri wake ni kwamba msimamizi na kibarua hunyoosha mikono pamoja, ndani ya saa za kazi.

Hata hivyo, si kila jasho ni dawa. Mtafiti wa Denmark, Andreas Holtermann, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kazi nzito haiukingi moyo kama mazoezi ya hiari. Uchambuzi wa 2018 alioshiriki ulikuta wanaume wa kazi nzito wana hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenye kazi nyepesi kwa asilimia 18. Mbeba mizigo huinua shinikizo la damu saa nyingi mfululizo, bila kuchagua lini apumue. Kwa hiyo agizo la “inuka utembee” tulielekeze kwa karani na dereva. Kuli wa Kariakoo aliyebeba magunia tangu alfajiri anadai mkokoteni, kivuli, na ruhusa ya kukaa.