Kubisha Hodi Namawala

Wakapuchini wa Uswisi walifika nchini mwaka 1921 kuwahudumia watu wasiowajua. Huko Ifakara ilisimama Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1949, akaanzisha maabara ya magonjwa ya bonde la Kilombero. Habari hii huisimulia kama wema wa mgeni kwa mwenyeji.

Namawala yatufundisha upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walichunguza malaria katika kijiji hicho cha wakulima wa mpunga. Wasingejua lolote kama wenyeji wasingewafungulia nyumba zao ili mbu wa usiku wanaswe, na kama wakubwa kwa watoto wasingetoa tone la damu kidoleni. Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilipoanza kuenezwa wilayani Kilombero na Ulanga, maarifa ya namna hiyo yalikwisha kutangulia.

Aliyehesabiwa mhitaji alikuwa mtoaji. Basi, ndugu zangu, tumwendeapo mgonjwa tusiyemjua, tusiende kama wenye kila kitu. Tubishe hodi, tungoje kukaribishwa.