Umehamia Majengo na Unataka Kuzamia? Soma Hii Kabla Hujavaa Mtungi

Tuanze na neno lenyewe, juu hapa mtaani linaweza kukuletea noma. Ukikaa maskani Majengo useme "mi nataka kuzamia", kuna mzee ataweka kikombe cha kahawa chini akuangalie vibaya. Kwa lugha ya Pwani, kuanzia hapa hadi Dar, kuzamia ni kudandia meli kisiri na kujificha humo mpaka utokee nchi za watu. Wewe pengine ushavuka boda yako kihalali. Umetoka Kampala, Goma, Bujumbura ama Arusha, umepata kazi Mombasa na singo room huku nyuma ya msikiti wa Sakina, na kuzamia unakotaka ni kule kwa mtungi mgongoni na miwani usoni. Basi sema "skuba". Hakuna atakayepiga simu kwenu.

Na usishtuke ukikosa mtu wa kwenda naye. Kisiwa chote hiki kimezungukwa na maji, lakini utakutana na wasee wengi waliozaliwa hapa hapa ambao hawajui kuogelea. Bahari ni ya kuangalia Mama Ngina ukila mihogo na achari. Skuba ni ya watalii, ndio watu husema. Wakenya wengi stori ya wazamiaji waliifuatilia kwa TV Septemba 2019, gari lilipotumbukia kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni na mama na mtoto wake wakiwa ndani. Wanamaji wa Kenya Navy na wazamiaji wa kibinafsi walitafuta siku 13. Gari lilipatikana kwa kina cha karibu mita 58. Kwa hivyo ukisema unaingia chini ya maji kwa raha zako, mtu wa Mombasa hafikirii samaki wa rangi rangi. Anafikiria ile wiki mbili ya kungoja. Muelewe, usimcheke. Jina Kilindini lenyewe linatoka kwa kilindi, maji ya kina.

Sasa tuingie kwa kazi.

Anza na maji, mtungi baadaye

Kozi ya kwanza ambayo karibu kila mtu duniani huanza nayo inaitwa Open Water. Wanaotoa cheti ni mashirika kama PADI na SSI, na ukikipata kinakubalika Diani, Zanzibar, Misri, popote. Kwa PADI unatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, staili yoyote, hakuna saa inakukimbiza. Halafu uelee dakika 10 bila kushika kitu. Ni hivyo tu, lakini kama umekulia Kampala na ziwa ulikuwa unaliona ukipita Entebbe, mita 200 ni kitu cha kujipanga.

Wapi pa kujifunzia? Usijaribu mlangoni mwa Old Town eti juu umeona vijana wakiruka pale. Hao wanajua saa ya maji. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa inapita mita 3 wakati wa bamvua, na maji yote hayo yanaingia na kutoka kwa mkondo mwembamba. Yanavuta kinoma. Tafuta dimbwi lenye mwalimu, ama uende Pirates kule Bamburi maji yakiwa yametulia, na mtu anayejua kuogelea kukuliko. Jipe mwezi mmoja ama miwili. Hii ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo watu huruka.

Kama hutaki kozi nzima kwanza, kuna kuonja. Unapewa maelezo mafupi, unaingia dimbwini, halafu baharini na mwalimu amekushika karibu, si zaidi ya mita 12. Unaweza kuonja hata kabla hujaogelea kama samaki. Lakini kuonja si cheti, na usikubali mtu akwambie "ushaonja mara mbili, twende kwa ile meli."

Fomu utakayotaka kudanganya

Kabla ya chochote utapewa fomu ya afya. Una pumu? Ushawahi kupata kifafa? Moyo, mapafu, masikio, upasuaji, mimba? Ukijibu ndio sehemu fulani, lazima daktari akuone na asaini kwanza. Hapa ndipo wasee huanza ujanja. Umelipa, umeomba ruhusa kazini, boti iko tayari, unaandika hapana, hapana, hapana.

Mimi nilifanya hivyo. Sikuwa na ugonjwa mkubwa, mafua tu, yale ya kaskazi na vumbi. Nikanyamaza. Mita 3 hivi sikio likaanza kuuma kama limechomwa msumari. Nikaona aibu kusimamisha watu, nikalazimisha kushuka. Nilitoka na damu puani na wiki mbili za kusikia nusu. Mwalimu hakuwa na makosa yoyote. Alikuwa ameniuliza uso kwa uso na nikamwambia niko fiti.

Sababu ni hii. Kila mita 10 unayoshuka, uzito wa maji unaongeza kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 10 pressure ni mara mbili ya nchi kavu, na hewa iliyofungika ndani ya sikio inabanwa mpaka nusu. Unabana pua na kupuliza taratibu ili uisawazishe, na unaanza mapema kabla haijauma. Ukiwa na mafua njia imeziba, hewa haipiti. Kitu cha kuvumilia hakuna hapo. Unapanda kidogo, unajaribu tena, ikikataa unarudi kwa boti. Siku hiyo imeisha na hakuna mtu wa maana atakucheka.

Kupanda nako kuna sheria yake moja ambayo utaisikia mpaka uchoke: usishike pumzi, kamwe. Ile hewa uliyovuta ukiwa mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu. Ukiwa umeifungia kifuani, mapafu ndiyo yatapasuka kuipa nafasi. Pumua tu kila wakati, panda polepole, na usimame dakika 3 kwa mita 5 kabla ya kutokea.

Chini huko hakuna lugha

Hii ndiyo sehemu mgeni ataipenda. Kiswahili chako cha Bukavu ama cha Bujumbura kikichekwa hapa dukani, chini ya maji wote ni mabubu. Mnaongea kwa mikono. Ila ishara moja itakuchanganya: kidole gumba juu, ile ya "poa", maana yake ni "tupande juu sasa hivi." Poa ya chini ni kidole gumba na cha shahada vikutane vitengeneze duara. Nimeona msee akimuonyesha mwalimu gumba kwa furaha juu ameona kasa, akashangaa anapandishwa. Kasa akabaki.

Masomo ya darasani yanafanyika kwa simu siku hizi, na kwa PADI unaweza kuyasoma kwa Kifaransa ama Kiarabu kama Kiingereza kinakusumbua. Mcongomani, uliza hilo mapema kabla hujalipa.

Bei, na ile kadi mfukoni

Maduka ya skuba yako upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu. Kutoka Majengo tembea hadi Buxton, dandia mat, vuka daraja la Nyali, ushafika. Bei nyingi zimeandikwa kwa dola ama euro, juu mteja wanayemtegemea ametoka mbali. Usiogope ubao. Ingia uulize kuna bei ya mkazi, na msimu wa chini ni pesa ngapi. Halafu uliza kilicho ndani: vifaa? boti? ada ya cheti? ada ya hifadhi? Kuna bei inaanza tamu na kuishia chungu juu vitu vinne vimeachwa nje.

Ada ya hifadhi ni ya KWS, kwa sababu mwamba wa Nyali na Bamburi uko ndani ya Mombasa Marine National Park and Reserve, iliyotengwa 1986. KWS inatofautisha raia, mkazi na mgeni wa nje. Kwa hivyo beba kitambulisho, kadi ya mgeni mkazi ama pasipoti yako ya Afrika Mashariki, ile halisi, si picha ya WhatsApp. Bila karatasi unaweza kulipishwa kama uliyeshuka ndege jana. Na ndani ya hifadhi huokoti hata kombe moja. Usiguse matumbawe, usimvute pweza shimoni.

Yule bichi boi wa Pirates anayekwambia ana mitungi na "cousin" wake atakupeleka nusu bei, msalimie vizuri, pita. Mwalimu wa kweli hatachukia ukimuuliza kadi yake ya ualimu ni ya shirika gani, anaingia na wanafunzi wangapi, oksijeni iko kwa boti, na mtu akipata shida anapelekwa chemba gani. Akikasirika, ushapata jibu.

Dada zangu wa mtaani huniuliza kuhusu mavazi. Suti ya mpira inafunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na kofia yake ipo. Uliza kama kuna mwalimu wa kike, wapo. Na Ramadhani wengi huahirisha mpaka baada ya Idi: maji ya chumvi yanaingia mdomoni utake usitake, na mwili uliokauka maji hatari yake chini inaongezeka.

Msimu, na kitu utaona

Kuanzia Oktoba hadi Machi ndio wakati mzuri, kaskazi ikivuma na bahari ikiwa wazi. Aprili na Mei ni mvua, mito inaleta matope, halafu kusi inachafua maji mpaka karibu Septemba. Ukianza kuogelea wakati wa kusi, msimu ukifunguka uko tayari.

Utaona taa, mkunga, chewa, kasa ukiwa na bahati. Kuna pia meli ambayo kila mtu atakutajia, MV Dania, iliyokuwa ikibeba ng'ombe. Ilizamishwa makusudi 2002 nje ya Nyali iwe nyumba ya samaki, na imekaa kwa kina cha karibu mita 30. Cheti chako cha kwanza kinakuruhusu mita 18. Fanya hesabu. Ya Dania inahitaji kozi inayofuata, na haiendi popote.

Meli ya zamani kabisa iko karibu na keja yako zaidi. Chini ya kuta za Fort Jesus ilizama manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka wa 1697, wakati Waomani walikuwa wameizingira ngome ile. Wazamiaji wa akiolojia waliichimba kuanzia 1977, kwa maji machafu yenye mkondo, na vitu walivyotoa viko kwa jumba la makumbusho pale pale Fort Jesus. Hiyo huzamii, inalindwa na sheria. Lakini nenda ukaone jumapili moja, utembee kutoka Majengo. Utaelewa watu walikuwa wanafanya kazi hii hapa kabla hujazaliwa.

Usipande basi

Nimeiacha hii mwisho juu ndiyo watu wa bara na wa nchi jirani hawaambiwi vizuri. Ukipumua hewa ya mtungi chini, naitrojeni inaingia mwilini, na inahitaji muda kutoka polepole. Ukienda juu haraka inatengeneza mapovu, kama soda iliyofunguliwa: maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Ndiyo sababu kila mtu atakwambia usipande ndege. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na 18 ukiwa umezamia mara kadhaa.

Lakini mwili wako haujui ndege. Unajua urefu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. SGR ya jioni inakupandisha huko kwa saa chache, basi la usiku vile vile. Na wewe wa Kampala, basi lako likishapita Nakuru linapanda milima ya Timboroa, zaidi ya mita 2,500, ukiwa umelala kwa kiti. Kwa hivyo ile plani ya kuzamia jumapili asubuhi, kuoga, kula pilau, na kudandia basi la kwenda nyumbani jioni, ifute. Zamia ijumaa na jumamosi. Jumapili kaa Majengo, mahamri na mbaazi, na tiketi iwe ya jumatatu.