Aflatoksini

Aflatoksini ni kundi la sumu zinazotengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Kuvu hizo huota kwenye mahindi, karanga, mbegu za pamba, korosho na mazao mengine, shambani au ghalani. Nchini Tanzania aflatoksini hujulikana zaidi kwa jina la sumukuvu, ingawa jina hilo hujumlisha pia sumu za kuvu nyingine, kwa mfano fumonisini.

Aina kuu ni nne: B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya bluu na kijani, kwa sababu sumu hizo hung'aa kwa rangi hizo zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Iliyo kali kuliko zote ni B1. Ng'ombe akila chakula chenye B1, sehemu yake hutoka katika maziwa ikiwa imegeuzwa kuwa aina nyingine iitwayo M1.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Historia ya ugunduzi

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota kuvu. Sumu ilitenganishwa na kupewa jina lililoundwa kutoka katika jina la kuvu yenyewe. Mwaka 1963 muundo wake wa kikemia ulielezwa na kundi la watafiti wa Marekani, wakiwemo George Büchi na Gerald Wogan.

Athari kwa usanisi wa protini

Aflatoksini B1 yenyewe haina nguvu kubwa ya kudhuru. Inapofika katika ini, vimeng'enya vya kundi la sitokromu P450, ambavyo kazi yake ni kusaidia mwili kuondoa vitu vya kigeni, huibadilisha kuwa epoksidi. Epoksidi hiyo hushikamana haraka na molekuli zilizo karibu. Sehemu yake hunaswa na glutathioni na kutolewa nje ya mwili. Inayobaki hujibandika kwenye DNA, hasa kwenye besi ya guanini.

Matokeo yake ni ya namna mbili:

1. Baada ya muda mfupi, DNA iliyobandikwa sumu haisomeki vizuri. Utengenezaji wa RNA hupungua, na kwa kuwa ribosomu hufuata maelekezo ya RNA, usanisi wa protini nao hupungua. Ini ndilo linalotengeneza albumini na protini nyingi za kugandisha damu. Ndiyo maana mgonjwa aliyekula sumu nyingi huweza kuvimba, kujaa maji tumboni na kutokwa na damu isiyokatika kwa urahisi.

2. Baada ya miaka mingi, makosa yanayobaki katika DNA huweza kuanzisha saratani ya ini. Badiliko linalojulikana zaidi hutokea katika kodoni ya 249 ya jeni TP53, ambayo kwa kawaida huizuia seli isigawanyike ovyo. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa kuwa madhara ya sumu na ya virusi huzidishana.

Aflatoksini hujibandika pia kwenye albumini ya damu. Kwa kuwa albumini hudumu katika damu kwa wiki kadhaa, kipimo chake huonyesha kiasi cha sumu ambacho mtu amekula katika kipindi cha miezi miwili au mitatu iliyopita.

Athari kwa mitokondria

Mitokondria ni sehemu za seli zinazozalisha sehemu kubwa ya nishati yake. Zina DNA yake zenyewe, ndogo sana, yenye jeni 37 kwa binadamu. Kati ya hizo, jeni 13 hutoa maelekezo ya kutengeneza protini, zote zikiwa sehemu za mitambo ya kuzalisha nishati. Mitokondria hutengeneza protini hizo kwa ribosomu zake zenyewe.

Mwaka 1982 mwanabiokemia Narayan Avadhani wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, pamoja na wenzake Niranjan na Bhat, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa panya waliodungwa aflatoksini B1. Waligundua kwamba sumu ilijibandika kwenye DNA ya mitokondria ya ini mara tatu hadi nne zaidi kuliko kwenye DNA ya kiini cha seli. Tena, wakati kiasi kilichobandikwa kwenye DNA ya kiini kilipungua kadiri seli ilivyojirekebisha, kile cha mitokondria kilibaki vilevile hata baada ya saa 24. Katika muda huo usomaji wa jeni na usanisi wa protini ndani ya mitokondria vilibaki vimezuiwa.

Utafiti huo ulionyesha kwamba sumu hii haiharibu maktaba kuu ya seli tu, bali pia chanzo chake cha nishati. Seli ya ini iliyopungukiwa protini na nishati kwa pamoja hushindwa kujitengeneza upya.

Mlipuko wa mwaka 2016 katika Tanzania ya kati

Mnamo Juni 2016 ugonjwa usiojulikana uliripotiwa katika wilaya ya Chemba, mkoa wa Dodoma. Wagonjwa walitapika, waliharisha, waliumwa na kuvimba tumbo, na macho yao yalikuwa ya manjano. Mwanzoni ilishukiwa nyama ya ng'ombe iliyoliwa na familia ya kwanza kuugua. Wagonjwa wengine wakapatikana Kondoa, na pia Kiteto katika mkoa jirani wa Manyara. Vipimo vya damu na vya mahindi vilionyesha kwamba chanzo kilikuwa aflatoksini. Kati ya wagonjwa 68 waliotambuliwa, 20 walifariki.

Mlipuko mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki ulitokea Kenya mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki. Katika nchi zote mbili chakula kilichohusika kilikuwa mahindi.

Sababu za hatari katika nyanda za kati

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Mmea ukikosa maji wakati punje zinajaa, kinga yake hupungua na kuvu huingia kwa urahisi. Mazao yakianikwa juu ya udongo au kuhifadhiwa kabla hayajakauka, kuvu huendelea kuota.

Chakula cha jadi cha Wagogo ni ugali wa uwele na wa mtama, nafaka zinazostahimili ukame na ambazo kwa kawaida hupata aflatoksini kidogo kuliko mahindi. Kadiri mahindi yalivyochukua nafasi yake, hatari nayo iliongezeka. Karanga hulimwa kwa wingi katika wilaya kama Kongwa, ambako serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahi kuanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, uliovunjika miaka michache baadaye.

Watoto wadogo wako hatarini zaidi. Uji wa lishe, ambao wazazi huandaa kwa unga wa mahindi uliochanganywa na karanga ili mtoto apate protini, huunganisha mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi. Mtoto hula uji huohuo kila siku, na mwili wake ni mdogo. Kwa sababu hiyo Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani waliendesha jaribio wilayani Kongwa, ambapo familia zenye watoto wachanga zilipewa unga uliopimwa na kuonekana kuwa na aflatoksini kidogo, ili kuona kama ukuaji wa watoto hubadilika.

Kinga

Kupika hakuondoi aflatoksini, kwa kuwa inastahimili joto la maji yanayochemka. Ladha na harufu pia haviwezi kuithibitisha. Punje safi kwa macho huweza kuwa na sumu. Kinga huanzia shambani:

- kuvuna kwa wakati na kuanika juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo;
- kukausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13, na karanga hadi asilimia 7 au 8;
- kuchambua na kutupa punje zilizoota ukungu, zilizosinyaa, zilizotobolewa au kubadilika rangi;
- kukoboa mahindi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huwa kwenye ganda na kiini;
- kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa;
- kubadilisha nafaka, ili familia isitegemee mahindi peke yake;
- kuchanja watoto dhidi ya homa ya ini aina ya B, jambo linalopunguza hatari ya saratani.

Mahindi na karanga zilizochambuliwa na kutengwa kwa sababu ya ukungu hazifai kupewa kuku wala ng'ombe, kwani sumu huwadhuru na huweza kurudi kwa binadamu kupitia maziwa.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yasiyozidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na zisizozidi 5 za aina ya B1. Wizara ya Kilimo ya Tanzania imewahi kuendesha mradi wa kudhibiti sumukuvu uitwao TANIPAC, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo nafaka nyingi huliwa na familia iliyoilima, au huuzwa kwa debe na kwa kilo katika masoko kama la Majengo mjini Dodoma, bila kupita maabara. Kwa chakula hicho, ukaushaji na uchambuaji wa nyumbani ndio ulinzi mkuu.