Berlin na Uzigua: Mji Ulioandika Kabla ya Kuuliza

Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza historia ya Kanisa la Kilutheri katika Mkoa wa Tanga kwa kawaida huanza na Wittenberg mwaka 1517, kisha huvuka bahari na karne nyingi hadi afike Mlalo mwaka 1891. Kati ya vituo hivyo viwili upo mji ambao huutaja kwa haraka na kuupita. Mji huo ni Berlin.

Kwa watu wa Handeni na Korogwe, Berlin si mji wa kupitwa hivyo. Humo, katika muda usiotimia miaka miwili, yalitokea mambo mawili ambayo matunda yake, matamu na machungu, bado tunayala. Mwaka 1885 ilitiwa sahihi hati iliyoitaja nchi ya Uzigua kuwa mali iliyo chini ya ulinzi wa Kaizari. Mwaka 1886 kilianzishwa chama cha misioni ambacho watumishi wake walileta Injili milimani Usambara. Makala hii yataka kuyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa maana yalitoka katika mji mmoja, na kwa sehemu katika mikono ileile.

1. Mji wenyewe

Berlin haikuanza kama mji mkuu wa dola. Ilikuwa miji miwili midogo ya wafanyabiashara, Berlin na Cölln, iliyotazamana kando ya mto Spree. Cölln yatajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1237. Matengenezo ya Kanisa yalipokelewa huko mwaka 1539, wakati Mtawala Joachim wa Pili wa Brandenburg aliposhiriki Meza ya Bwana kwa mkate na divai. Mwaka 1685 watawala wa Brandenburg waliwafungulia mlango Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso. Hivyo mji huo ulijengwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi, na makanisa yao yamekuwa mapambo yake.

Kadhalika Berlin ilikuwa na moyo wa misioni kabla ya kuwa na moyo wa makoloni. Mwaka 1800 Mchungaji Johannes Jänicke alifungua humo shule ya kuwaandaa wamisionari, na mwaka 1824 kikaanzishwa Chama cha Misioni cha Berlin, ambacho baadaye kilifika kusini mwa nchi yetu. Lakini mwaka 1871 Berlin ilifanywa kuwa mji mkuu wa Dola ya Ujerumani. Watu wake walizidi milioni moja. Viwanda vikaongezeka, na mitaa ya maskini kama Wedding ikajaa. Ndipo wakatokea vijana waliosema kwamba dola kubwa haina budi kuwa na makoloni.

2. Hati ya mwaka 1885

Mmoja wa vijana hao alikuwa Carl Peters, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Neno hilo linafaa kukumbukwa na kila nyumba ya mchungaji. Mwaka 1884 alisaidia kuanzisha huko Berlin Chama cha Makoloni ya Kijerumani. Mwezi Novemba mwaka huohuo yeye na wenzake waliondoka Saadani, wakapita Uzigua, wakaenda hadi Unguu na Usagara. Kwa majuma machache tu walikusanya mikataba kumi na miwili. Iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wale waliotia alama zao hawakuijua. Mashuhuri zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero, unaofundishwa katika shule zetu hadi leo.

Peters alirudi Berlin mwezi Februari 1885. Wakati huo mji ulikuwa na wageni wakubwa. Tangu tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa mataifa kumi na manne walikuwa wakikutana katika jumba la Kansela Bismarck, mtaa wa Wilhelmstrasse. Hakuna Mwafrika aliyeketi katika mkutano huo. Hapa yafaa kusahihisha kosa linalorudiwa mara nyingi madarasani. Mkutano wa Berlin haukuchora mipaka ya Afrika Mashariki. Ulishughulikia hasa mito ya Kongo na Niger, biashara, na masharti ya kukalia pwani. Mipaka yetu ilichorwa baadaye, kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890.

Hata hivyo tarehe zenyewe zasema neno. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885 kwa Hati Kuu iliyoanza kwa kulitaja jina la Mungu Mwenyezi, ikaahidi kuwalinda wenyeji na kuboresha hali yao. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, wageni wakiwa wamekwisha kuagana, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya ulinzi kwa ajili ya chama cha Peters. Nchi zilizotajwa ndani yake ni nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Katika mipaka ya leo, Uzigua ni nchi ya Handeni na jirani zake, na Nguru, yaani Unguu, yaingia hadi Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni.

Basi mzee wa Kizigua aliyeamka siku hiyo akaenda shambani mwake hakujua kwamba nchi ya baba zake imekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine, katika mji ambao hajapata kuusikia. Alikuja kujua baadaye, maafisa walipofika. Wengi hawakukubali. Bwana Heri wa Saadani aliongoza vita tangu mwaka 1888, na hakuweka silaha chini hadi mwaka 1890. Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoijenga ilishindwa njiani, serikali ya Ujerumani ikaichukua, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, ulifuata njia hiyo, na mashamba makubwa yakaenea bondeni. Kila hatua ya mambo hayo ilitegemea karatasi ile ya kwanza.

3. Chama cha misioni cha mwaka 1886

Mwaka mmoja baadaye Chama cha Misioni ya Kiinjili kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kilianzishwa Berlin. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa Mchungaji Ludwig Diestelkamp wa Kanisa la Nazareti katika mtaa wa Wedding, Bibi Martha von Pfeil, na Carl Peters mwenyewe. Jina la chama lilionyesha nia yake, kwa kuwa Injili na bendera vilifungwa katika mzigo mmoja. Walikuwapo Wajerumani walioliona kosa hilo mapema. Gustav Warneck, mwalimu mashuhuri wa elimu ya misioni, alionya kwamba misioni isifanywe chombo cha siasa ya makoloni.

Mwanzo wa kazi ulikuwa mgumu. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na baada ya muda mfupi vita vya pwani vikaikatiza kazi yake. Wapiganaji hawakuwa na sababu ya kumtenga mmisionari na maafisa, maana walikuja kwa mlango mmoja.

Mabadiliko yalianza mwaka 1890, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel alipoingia katika uongozi wa chama. Yeye alikuwa mtu wa diakonia, mlezi wa wagonjwa wa kifafa na wasio na makazi, akaleta mashemasi na mashemasi wa kike katika kazi. Mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab walipanda Usambara, wakafungua kituo cha Mlalo. Vuga na Bumbuli zikafuata kabla ya karne kwisha. Wamisionari hao waliketi chini wajifunze Kishambaa. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo linalowatenga na mikataba ya 1884. Peters alileta karatasi kwa lugha asiyoijua mwenyeji. Hawa walijifunza lugha ya mwenyeji kabla ya kuandika neno. Mwaka 1906 makao ya chama yalihamishwa kutoka Berlin kwenda Bethel, na waumini wa kwetu wakaendelea kuijua misioni hiyo kwa jina la Bethel.

Bondeni Korogwe na huko Handeni waliotangulia walikuwa Waanglikana wa UMCA, kutoka vituo kama Magila na Kideleko. Sharika za Kilutheri za wilaya hizo ni watoto wa milimani walioshuka. Lakini leo zimo katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, nazo ni warithi wa historia hiyo yote pamoja na sehemu yake isiyopendeza.

4. Mwalimu kutoka Bagamoyo

Tusidhani kwamba njia kati ya Berlin na kwetu ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maafisa na wafanyabiashara. Tangu mwaka 1900 mmoja wa walimu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwislamu msomi wa Bagamoyo. Kitabu kilichotokana na kalamu yake na za wenzake, Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa mwaka 1903, na hata leo hatuna budi kukisoma.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani. Walipotaka kurudi Afrika Mashariki mwaka 1905, serikali ya koloni haikumruhusu kushuka na mkewe. Ilimbidi arudi Ujerumani, wala hakuiona tena nchi yake. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi yake alizuiwa kuingia katika nchi hiyo. Mwalimu mwingine wa Kiswahili wa mji huo, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikamatwa na serikali ya Hitler akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Berlin ilisikia Kiswahili vizuri sana. Kilichokosekana ni kumsikia Mswahili mwenyewe.

5. Mji unapojisahihisha

Katika mtaa wa Wedding, uleule aliokuwa Mchungaji Diestelkamp, kuna sehemu iitwayo Mtaa wa Afrika. Barabara zake zina majina kama Tanga, Usambara na Zanzibar. Mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, barabara moja ya hapo iliitwa Petersallee kwa heshima ya Carl Peters. Mwaka 1986 wakuu wa mji waliona aibu, lakini hawakukibadili kibao. Walitangaza tu kwamba tangu siku hiyo jina hilo lamhusu Peters mwingine, Hans Peters, aliyempinga Hitler. Kibao kikabaki kilekile.

Kwa mhubiri huu ni mfano wa toba nusu, yaani kubadili maelezo na kuacha jambo lenyewe mahali pake. Ilichukua miaka mingine thelathini na minane ya kudai, na Waafrika wakaao Berlin wakiwa miongoni mwa waliodai, hata mwezi Agosti 2024 jina hilo likaondolewa. Sehemu ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika nchi yetu. Maneno hayo hayafufui wafu. Lakini yalisemwa mbele ya wazao wa waliotendewa, katika nchi yao wenyewe, nao wakiyasikia.

Hitimisho

Biblia yajua hati za namna mbili. Katika 1 Wafalme 21 Yezebeli aandika nyaraka kwa jina la mfalme, azitia muhuri, na atangaza mfunga wa dini, ili shamba la Nabothi lichukuliwe. Katika Yeremia 32 nabii anunua shamba la Anathothi. Apima fedha, aandika hati, aita mashahidi, na nakala yawekwa ambapo itadumu. Hati zote mbili zina muhuri, na katika zote mbili jina la Mungu limo karibu. Tofauti ni kwamba katika ile ya kwanza mwenye shamba hakusikilizwa, bali katika ya pili mambo yote yalitendwa mbele ya watu.

Hati ya tarehe 27 Februari 1885 ilikuwa ya namna ya kwanza. Lakini tusiihukumu Berlin kana kwamba Yezebeli alizaliwa huko peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi yake, na ni sheria njema. Hata hivyo kila mchungaji wa vijijini ajua jinsi muhtasari wa mkutano uwezavyo kuandikwa kabla ya mkutano. Tangu mwaka 2022 Msomera, wilayani Handeni, imepokea familia kutoka Ngorongoro. Serikali imesema kwamba wamehama kwa hiari, na wengine wamebisha. Kanisa halina budi kuwaendea wanaohamia na waliokuwapo, na kuwasikiliza wote wawili kabla ya kusema lolote.

Mchungaji huombwa mara nyingi kufungua mkutano kwa sala. Hati Kuu ya Berlin nayo ilifunguliwa kwa jina la Mungu. Basi kabla ya kusema Amina, na aulize mambo matatu: je, karatasi hii imesomwa kwa lugha ambayo wote wanaielewa? Je, wenye nchi wamo katika kikao? Je, mjane aliye na shamba mpakani amepewa nafasi ya kusema? Akikosa jibu, aketi kwanza ajifunze, kama wale waliopanda Mlalo. Sehemu njema ya urithi wetu kutoka mji ule ilianza kwa kuketi hivyo.