Waliovuka Mpaka Kuwasikia Waimbaji Wao

Katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tukumbushane jambo ambalo vitabu vya historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika hulipita mbio mbio. Vitabu hivyo hutueleza habari za bunduki, za mikutano na za vikwazo vya uchumi. Ni vyema. Lakini palikuwa na jambo jingine. Kwa muda wa miaka karibu thelathini, mtu wa Afrika ya Kusini aliyetaka kuwasikia waimbaji wakubwa wa nchi yake wakiimba mbele ya macho yake ilimpasa afunge safari aende nchi ya watu. Nami nalijua jambo hili si kwa kusimuliwa tu, maana Februari 1987 nilitoka Dar es Salaam peke yangu hadi Harare kwenda kusikiliza muziki, nikakaa katikati ya watu hao.

Siku hizo mtu wa Dar es Salaam akisema anasafiri nje, watu walielewa mambo manne tu: masomo, matibabu, msiba, au kutafuta bidhaa za kuja kuuza. Muziki haukuwamo. Mama yangu aliponiona nafunga sanduku aliuliza, "Nani amefariki huko?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyefariki, nakwenda kumsikiliza Miriam Makeba. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yule aliyeimba Malaika? Si tunamsikia hapa hapa redioni, bure?" Nami sikuwa na jibu la kumpa kwa haraka. Nilichukua likizo yangu ya mwaka, akiba yangu yote na fedha kidogo za kigeni nilizoruhusiwa, nikapanda treni.

Reli yenyewe ni sehemu ya habari hii. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ujenzi wake kwa msaada wa China ulikamilika mwaka 1975. Ilijengwa ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita mikononi mwa Smith wala makaburu. Kwa hiyo nilikuwa napita katika njia iliyochimbwa kwa ajili ya mapambano, ingawa begani nilikuwa na mkoba wa nguo mbili na mkate. Kutoka Kapiri Mposhi nilipanda basi hadi Lusaka, na kutoka Lusaka basi jingine mpaka Chirundu, penye daraja la Zambezi.

Hapo mpakani niliulizwa maswali mengi. Msafiri wa peke yake humtia mashaka askari kuliko kundi la watu hamsini. Shughuli yako? Muziki. Wewe ni mpiga muziki? Hapana, msikilizaji. Ofisa yule alinitazama, akamtazama mwenzake, kisha akaandika neno "matembezi" na kunigongea mhuri.

Sikumlaumu, wala nisingependa wasikilizaji mmlaumu. Miezi tisa tu kabla ya hapo, tarehe 19 Mei 1986, majeshi ya makaburu yalishambulia Harare, Gaborone na Lusaka kwa siku moja, na ofisi ya ANC katikati ya mji wa Harare ilikuwa mojawapo ya walivyovilenga. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 1985, makomando waliingia Gaborone usiku na kuua watu 12. Miongoni mwao alikuwamo mchoraji Thami Mnyele, ambaye silaha yake ilikuwa brashi. Na Desemba 1982 huko Maseru waliuawa watu 42. Basi mtu asiseme kwamba kukusanya maelfu ya watu uwanjani Harare kuimba nyimbo za kuwapinga makaburu lilikuwa jambo la starehe. Kila aliyekata tiketi alijua kwamba ndege za kutoka kusini zilikwisha kuijua njia ya kuja huko.

Sasa tuwatazame waimbaji wenyewe. Miriam Makeba aliondoka kwao mwaka 1959. Mwaka uliofuata mama yake mzazi alifariki, naye akataka kurudi kumzika. Alipokwenda ubalozi mdogo wa nchi yake huko Marekani aliambiwa kwamba pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa juu ya ubaguzi, na sahani zake za santuri zikapigwa marufuku kwao. Tangu hapo akawa mtu wa dunia nzima isipokuwa nyumbani kwake.

Hugh Masekela aliondoka mwaka 1960, naye tunaye kwa namna fulani sisi Watanzania. Aliyempatia tarumbeta yake ya kwanza alipokuwa mwanafunzi Johannesburg ni Padri Trevor Huddleston. Makaburu walipomchoka padri huyo akaondoka nchini, na mwaka 1960 alikuja kuwa Askofu wa Masasi, akakaa nasi mpaka mwaka 1968. Wazee wa Masasi waliobarikiwa naye kanisani huenda hawakujua kwamba mikono ile ile ndiyo iliyomkabidhi kijana yule chombo chake.

Harare haikuwa mara ya kwanza. Krismasi ya mwaka 1980 Makeba na Masekela walipiga muziki Maseru, mji mkuu wa Lesotho, nchi ambayo imezungukwa na Afrika ya Kusini pande zote. Watu walimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka kwa magari, kwa mabasi na kwa miguu. Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili, Bob Marley alipiga katika uwanja wa Rufaro, Zimbabwe ilipopata uhuru, mji ungali ukiitwa Salisbury. Yeye mwenyewe aligharimia kusafirisha vyombo vyake. Waliobaki nje walisukuma wapate kuingia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na moshi ukawafikia mpaka waliokuwa jukwaani. Kesho yake akapiga tena, bure, kwa ajili ya wananchi.

Uwanja ndio huo huo niliokwenda mimi. Uko Mbare, mtaa wa walalahoi, karibu na soko na kituo cha mabasi yatokayo mbali, hata nilipoteremka sikuhitaji kuuliza sana njia. Neno "rufaro" kwa Kishona maana yake ni furaha.

Hapa lazima nigusie ugomvi uliokuwapo, maana onyesho lile halikuandaliwa na Makeba wala Masekela. Lilikuwa la Paul Simon, Mmarekani. Mwezi Februari 1985 Simon alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki weusi wa huko, na Agosti 1986 ikatoka santuri yake ya Graceland. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwataka wasanii wa dunia waisusie Afrika ya Kusini tangu mwaka 1968, na Desemba 1980 Baraza Kuu likatia mkazo zaidi. Wengi wakasema Simon amevunja mgomo. Wengine, akiwamo Masekela, wakamtetea: hakupiga muziki kwa ajili ya makaburu, aliwalipa wanamuziki mara tatu ya kiwango cha New York, na hoteli ya Sun City ilipomwita aende kutumbuiza alikataa.

Mawazo yangu ni haya. Mgomo ulikuwa halali, na waliolalamika hawakuwa wapumbavu. Silaha ya kususia haifanyi kazi kama kila mtu atajipimia mwenyewe lini aitumie na lini aiweke kando, na Simon alipaswa kuomba shauri kwa wenye mapambano kabla ya kupanda ndege. Lakini ni kweli pia kwamba watu kama Ray Phiri mpiga gitaa na Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo hawakuburutwa kwa kamba. Walikuwa mafundi waliojua wanachokifanya. Na kumweka Makeba jukwaani, umbali wa safari ya siku moja ya basi kutoka Johannesburg, ni jambo ambalo maazimio hayakuweza kulifanya.

Onyesho lilikuwa la siku mbili, Jumamosi na Jumapili, tarehe 14 na 15 Februari. Mimi niliingia siku ya kwanza, mchana. Nje niliona magari yenye namba za Transvaal. Ndani weusi na weupe walikuwa wamekaa mchanganyiko, na wale weupe vijana wengine walicheza kwa bidii kubwa na mafanikio madogo. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa shali. Alipogundua kwamba natoka Tanzania alicheka, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, basi wewe umetoka mbali kuliko mimi." Yeye alitoka Soweto, kwa basi, kupitia Beitbridge, peke yake vile vile.

Aliniambia kwamba mwaka 1959 alikuwa msichana, akamwona Makeba katika mchezo wa King Kong huko Johannesburg. Tangu siku hiyo hakumwona tena. Sahani moja waliyokuwa nayo nyumbani waliificha chini ya godoro, wakaipiga kwa sauti ya chini mpaka ikachakaa. Nikamkumbuka mama yangu na swali lake la redio. Kwetu Makeba alikuwa bure hewani. Kwao alikuwa kosa la jinai.

Jambo jingine nililiona. Onyesho lile lilikuwa likipigwa picha za filamu, na kila kamera ilipogeuzwa upande wetu mama yule alivuta shali yake akafunika uso. Hakuwa peke yake. Katika safu za mbele yetu niliona gazeti likiinuliwa, kofia ikishushwa, kiganja kikiwekwa kwenye paji la uso kana kwamba jua limezidi. Kamera ikipita, wanafunua nyuso, wanaendelea kucheza. Filamu ile ipo mpaka leo na watu wanaitazama duniani kote. Mtazamaji anawaona wanaocheka. Hao waliojifunika hawamo, na ndivyo walivyotaka.

Makeba aliimba Soweto Blues, habari za watoto waliopigwa risasi tangu tarehe 16 Juni 1976. Mama yule hakucheza wala hakuimba. Masekela alipiga Stimela, wimbo wa treni iliyowabeba vijana wa nchi jirani kwenda kuchimba madini kwa mshahara wa mkia wa mbuzi. Wazee wetu wa Mbeya na Rungwe waliokwenda huko kwa WENELA kabla ya Uhuru wangeuelewa bila mkalimani. Kisha akapiga ule wa kutaka Nelson Mandela arudishwe nyumbani. Uwanja ukasimama. Mandela alikuwa kifungoni tangu mwaka 1962, na kwao kuchapisha picha yake gazetini kulikatazwa. Wengi waliokuwa wakilitamka jina lile kwa kelele hawakujua sura ya mtu mwenyewe ikoje wakati ule.

Mwisho wakaimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Na hapa ndipo nilipopata jibu la mama yangu, kama angenivumilia nimweleze. Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897, lakini kufikia mwaka ule wa 1987 sauti ile ilikuwa wimbo wa taifa wa Tanzania, na wa Zambia, na wa Zimbabwe pia. Basi watu walisimama wakaimba kila mtu kwa maneno yake: Wazimbabwe kwa Kishona na Kindebele, wageni wa kusini kwa Kixhosa, Kizulu na Kisotho, nami kwa Kiswahili, sauti yangu ikikwama na kufunguka. Hakuna aliyemvuruga mwenziwe. Mimi nilikuwa naimba wimbo wa serikali yangu, nilioufundishwa darasa la kwanza mbele ya bendera. Mama wa Soweto alikuwa anaimba wimbo ule ule, na nyumbani kwake ungeweza kumletea polisi mlangoni.

Siku kumi baadaye, huko Marekani, Graceland ilipewa tuzo ya Grammy ya santuri bora ya mwaka. Oktoba 1988 Harare ikapokea tena umati, safari hii kwa tamasha la haki za binadamu la Amnesty International, wakaja Bruce Springsteen, Tracy Chapman na Youssou N'Dour, na mpaka ukajaa tena wasafiri wa kutoka kusini. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani. Makeba alirudi kwao Juni mwaka huo, na Masekela pia akarudi. Simon alikwenda kupiga Johannesburg Januari 1992, mgomo ukiwa umekwisha kuondolewa, na hata hivyo ofisi ya waandaaji wake ilirushiwa mabomu ya mkono. Makeba alifariki Novemba 2008 nchini Italia, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani. Phiri alifariki mwaka 2017, Masekela Januari 2018, na Shabalala Februari 2020.

Mimi niliondoka Harare Jumapili asubuhi, maana fedha zilikuwa zimebaki za nauli tu. Mama yule nilimkuta kituoni Mbare, nikadhani naye anarudi. Kumbe alikuwa ananunua mahindi ya kuchoma, tayari kuingia uwanjani mara ya pili. Nikamwuliza kazini kwake hawatamtafuta. Akasema tajiri yake alimpa ruhusa ya kwenda msibani, naye amemwambia kwamba kwa mila zao matanga huchukua siku nne.