Katanika: Wabatwa na Wabaluba baada ya vita

Katanika iko pembeni ya mji wa Kalemie, jimbo la Tanganyika. Wengi tulilisikia jina hilo mwaka 2017, wakimbizi wa ndani walipojenga vibanda huko, wakikimbia vita ya Wabatwa na Wabaluba. Mwaka huo waliohama makwao jimboni walizidi nusu milioni. Pande zote mbili zilichoma vijiji na kuua.

Mishale ilikuja mwisho. Kwa miaka mingi Mbatwa alilima shamba la Mluba kwa malipo kidogo, mara nyingine chakula tu. Mluba aliweza kuoa binti wa Kibatwa. Mbatwa kuposa kwa Waluba, hapana. Kijiji chake kilihesabiwa chini ya chifu wa wengine. Mwaka 2016 ushuru wa viwavi ulichochea moto upya, na kwetu viwavi ni chakula na ni pesa pia.

Tangu hapo baraza za amani zimeundwa, ambamo Wabatwa na Wabaluba wanaketi pamoja kuamua ugomvi. Tarehe 15 Julai 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria ya kulinda wenyeji wa asili, inayotambua haki yao juu ya ardhi wanayoitumia tangu mababu. Lakini mpaka wa shamba haupimwi Kinshasa, unapimwa kijijini.

Tena kuna jambo ambalo sheria haifiki. Kijana Mbatwa akiposa binti wa mzee wa kanisa, Mluba, tutamjibu nini?