Mizimu ya Mto Kagera

Neno mzimu lina jambo ndani yake ambalo aghalabu halitazamwi. Katika Kiswahili cha pwani mzimu si roho ya mfu peke yake, bali ni mahali pia: pango, mbuyu, au kaburi la kale ambako watu hupeleka ubani na chakula na kuweka nadhiri. Mtu husema anakwenda mzimuni kama asemavyo anakwenda sokoni. Katika Kinyarwanda neno lilo hilo limo katika ngeli ya watu: mmoja ni umuzimu, wengi ni abazimu, nao huhesabiwa kama jamaa wa nyumba, wenye majina na madai yao. Msomaji aliyekulia Ntobeye, katika vilima vya Ngara, yu karibu na maana zote mbili. Nami nadhani habari za mahali panapoogopwa katika nchi ile hazifahamiki vyema mpaka zote mbili zishikwe pamoja, mahali na mtu.

Zamani mambo hayo hayakutengana. Tazama Karagwe, jirani ya Ngara kwa upande wa kaskazini. Mwingereza John Hanning Speke alifika huko Novemba 1861, baada ya kupita Usui kwa mtawala Suwarora, akapokewa kwa ukarimu na mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake aliandika jinsi alivyosimuliwa mazishi ya Ndagara, baba wa Rumanyika. Maiti ilishonwa katika ngozi ya ng'ombe, ikatiwa chomboni, ikaelea ziwani siku tatu. Ilipoanza kuoza, mabuu matatu yalichukuliwa yakapelekwa kwa mrithi; moja likageuka simba, la pili chui, la tatu fimbo. Kisha maiti ikawekwa juu ya kilima na kujengewa kibanda, na humo wakafungiwa wasichana watano na ng'ombe hamsini, wafe kwa njaa.

Ni habari ya kutisha, na sisemi kuwa yote yalitendeka kama yalivyosimuliwa. Walakini kilima kilijulikana, na aliyelala juu yake alijulikana. Rumanyika alichinja ng'ombe kaburini kila mwaka. Speke alipomwuliza sababu, mfalme alicheka, akasema hajui, ila alitumaini kupata mavuno mema. Kicheko hicho nakipenda. Hakikuwa cha mkaidi wala cha mwoga; kilikuwa cha mtu ambaye deni lake amelilipa kwa wakati. Lakini wale wasichana watano hawakuandikwa majina, wala hatusomi kwamba yupo aliyewachinjia chochote.

Ukipanda mto kutoka Karagwe kwenda kusini utafika Rusumo, ambapo maji ya Ruvubu yaliyokwisha kuungana na Kagera hujibana katika miamba na kuanguka kwa kishindo. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovuka mwaka 1894 kuingia Rwanda. Mwaka 1916 Wabelgiji walishuka kutoka huko, wakaitwaa Biharamulo. Mpaka ukahamishwa mara kadhaa, na Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, ikabaki Tanganyika. Hayo yamo vitabuni.

Lililofuata limo vitabuni pia, lakini halijatulia humo. Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alisema hadharani kwamba Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo, nao ndio unaomimina maji yake katika Kagera. Aprili 1994 maneno hayo yakawa kweli. Maiti zilipita chini ya daraja la Rusumo, nyingine zimefungwa mikono, zikaanguka na maji. Tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, juu ya daraja lilo hilo, walivuka wakimbizi wengi mno; Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja idadi ya 250,000 kwa saa 24. Waliamriwa kuacha silaha zao mpakani, na mapanga yakarundikana chungu. Kambi yao ikawa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara.

Hapo yataka kusema wazi. Si wote waliovuka walikuwa wakikimbia kifo. Wengine walikuwa wamekileta. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda, alivuka akakaa Benaco; mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kanisa la Nyarubuye, na mwaka 2006 ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha. Muuaji alipita juu ya daraja kwa miguu, na waliouawa walipita chini yake.

Waliopita chini walikwenda mbali. Kagera hufuata mpaka kwenda kaskazini, kisha hugeuka mashariki na kuingia Ziwa Viktoria katika nchi ya Uganda. Huko wavuvi waliwakuta nyavuni na ufukweni. Watu wakaacha kula samaki, na soko likafa. Wanakijiji waliopoa maiti, wakazika Kasensero, Lambu na Ggolo, watu zaidi ya 10,000, na hawakujua jina la hata mmoja.

Mtu wa mjini husikia kwamba mahali fulani pa mto panaogopwa usiku, akacheka. Lakini hicho si kicheko cha Rumanyika. Mimi hofu hiyo naihesabu kuwa ushahidi. Mwenye kuogopa kivuko anajua kwamba pana watu pale ambao hawakuitwa majina, wala kupewa kilima. Mahali pamebaki, mtu ametoweka. Mzimu wa mfalme ulikuwa na mtoto wa kuuchinjia. Aliyezikwa Kasensero, kama watoto wake walimtangulia majini, nani atamjua?

Leo daraja jipya limesimama Rusumo, na malori hupita yakipeleka mizigo Kigali. Maji yale yale huzungusha mitambo ya umeme, megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Makaburi ya watu hao yako upande wa Uganda, mamia ya kilometa kutoka walikouawa, yakitunzwa na wageni.